Barua zenu: Hilo "pori tupu" lilihesabiwa na nani, na mwezi gani?

Jamani mmeandika! Mwezi uliopita niligusia tu kwamba kabla sijaanza kushika kalamu nilikuwa kibarua wa kuhesabu ndege kwenye mradi mmoja wa umeme wa upepo, basi sanduku limefurika. Nyingi zinalalamikia ripoti za tathmini ya mazingira za miradi ya umeme wa upepo na jua, zile zinazofanya kwenu paonekane pori tupu. Nimechagua barua sita, zingine zinafanana. Mniwie radhi nimezikatakata kidogo, kuna mmoja aliandika kurasa tatu na mbili zilikuwa za kumtukana chifu.

SWALI: Mwalimu salamu. Mimi ni mfugaji huku Kajiado. Mwezi wa nane walikuja vijana wawili na darubini wakakaa siku tatu, afu wakaondoka. Juzi kwa baraza tumesomewa ripoti ati eneo letu ni nyika kavu yenye wanyama wachache na mimea ya kawaida. Sisi tumbusi tunawaona, swala wanapita, na fisi ndio usiseme, hatulali. Sasa hiyo ripoti ni ya wapi? – Baba wa watoto wanne, Kajiado

JIBU: Salamu zimefika baba. Siku tatu za mwezi wa nane! Hapo umeshajijibu mwenyewe, lakini wacha nieleze, manake kwa baraza utaambiwa wale vijana wana digrii na wewe huna.

Nchi kavu inajificha. Kila kinachoishi huku kimejifunza kukaa kimya mpaka mvua inyeshe. Mwezi wa nane mti wa mbambara hauna jani hata moja, nyasi za msimu zimebaki mbegu ndani ya mchanga, vyura wako chini ya ardhi wamelala, na mtu wa mimea akipita hapo anaandika "vichaka" anaenda zake kunywa soda. Mrudishe mahali palepale wiki mbili baada ya mvua, atahitaji daftari la pili. Ndio maana kazi ya mimea lazima ifanywe kiangazi na masika yote mawili, na kwa ndege watu makini wanahesabu mwaka mzima au zaidi kabla hata shimo moja halijachimbwa, kwa sababu kuna wenyeji na kuna wapita njia. Korongo weupe na tai nyika wanatoka Ulaya na Asia, wanashuka na Bonde la Ufa kuanzia mwezi wa kumi hivi, wanarudi mwezi wa tatu, wa nne. Mwezi wa nane karibu wote hawapo, kwa hiyo ukihesabu mwezi huo ni kama kuhesabu wanafunzi wakati shule imefungwa.

Halafu kuna saa. Hili nalisema kwa aibu. Sisi tulikuwa tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, ndivyo tulivyofundishwa, ndege wadogo wanaimba alfajiri, tunamaliza saa tatu tunarudi kambini kwa chai. Wiki tatu nzima naandika tumbusi sufuri, sufuri, sufuri. Siku moja gari likapata pancha na jeki hakuna, tukakaa juani mpaka saa saba, nikalala chali kwenye boneti kwa uchovu, kuangalia juu hivi, nikahesabu kumi na mmoja wanazunguka. Yaani walikuwepo siku zote! Tumbusi ni mzito, hapendi kupiga mabawa, anangoja ardhi ishike moto hewa ya joto imnyanyue, na hiyo ni kuanzia saa tatu, saa nne. Sisi tukiwa kwenye chai. Nilifuta kurasa nyingi za daftari siku ile, na tuliyemwita bosi hakufurahi.

Kitu cha tatu ni urefu. Usiulize tu "wangapi", uliza "walipita juu kiasi gani". Chukua ile mitambo ya Ziwa Turkana kule Loiyangalani, ipo 365, mnara una mita 44 na duara la mapanga lina upana wa mita 52, piga hesabu, ncha ya panga inafagia kuanzia mita 18 mpaka mita 70 toka ardhini. Ndege anayepita mita 200 hana shida nayo, anayepita mita 40 ana shida kubwa. Mitambo ya siku hizi ni mirefu kuliko hiyo kwa hiyo eneo la hatari linahama kwenda juu, na ripoti iliyokopi namba za mradi mwingine (zipo, nimeziona, mpaka jina la kaunti nyingine wamesahau kufuta) haina faida kwako.

Cha nne hakuna anayekiuliza: barabara. Mtambo wenyewe unakaa kwa mguu mmoja, lakini kreni ya kuusimamisha inataka uwanja uliosawazishwa, na lori la kubeba panga linataka barabara pana isiyo na kona kali. Udongo wa nchi kavu ukishakanyagwa na gurudumu hausahau. Kule jangwa la Mojave, California, alama za vifaru vya jeshi la Marekani vya mazoezi ya mwaka 1942 mpaka 1944 bado zinaonekana mpaka leo! Kwa hiyo angalia ramani ya barabara kabla ya ramani ya mitambo.

Ufanye nini? Ripoti ya mazingira ikipelekwa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, inatangazwa na watu wanapewa muda wa kutoa maoni, usiende na hasira tu, nenda na maandishi. Uliza jedwali la tarehe na saa walizokaa kuangalia. Uliza ni mzee gani wa hapo aliyeulizwa tumbusi wanalala wapi na mizoga inatupwa wapi. Na leseni ikishatolewa na hujaridhika, kuna baraza la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal), una siku 60 za kukata rufaa, zisikupite ukisubiri mbunge arudi toka Nairobi.

SWALI: Nyie watu wa mazingira mnatuchosha. Mlisema makaa ya mawe mabaya, sawa. Saa hii upepo nao mnaanza ati tumbusi. Kwani tukae giza? – Fundi wa simu, Kayole

JIBU: Kaka pole kwa uchovu, na mimi nachaji simu kama wewe. Umeme wa Kenya karibu asilimia 90 unatoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na mimi najivunia hilo, hakuna aliyesema mitambo ing'olewe.

Ila tumbusi mmoja sio kuku mmoja. Kuku anaangua vifaranga kumi, tumbusi wa Rüppell anataga yai moja, na yule mtoto anangoja miaka kama mitano, sita ndio aanze naye kuzaa. Katika vizazi vitatu vyao barani Afrika wamepungua kwa asilimia 97 hivi, sumu ikiwa muuaji mkubwa. Simba anaua ng'ombe, mwenye ng'ombe anapaka mzoga dawa ya wadudu, simba pengine anapona lakini tumbusi mia wanakufa kwenye mzoga mmoja. Sasa ukiwa na ukoo uliobaki asilimia 3 halafu kila mwaka unawatoa hata wachache kwa panga la mtambo, umeona inaenda wapi.

Na kuna jambo la macho ambalo watu wengi hawalijui. Wataalamu walipima macho ya tumbusi wakakuta akiinamisha kichwa kutafuta chakula chini, mbele yake kunakuwa giza, haoni anakoelekea. Miaka yote hiyo mbinguni hapakuwa na kitu cha kugonga! Huyu ni ndege ambaye mwaka 1973 mmoja wao aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan kwenye mita elfu 11 na kitu, angani kwake alijua ni wazi.

Sasa usikate tamaa, kuna wanaofanya kazi. Hapo Kipeto, Kajiado, mitambo 60, megawati 100, wameweka watu wa kuangalia anga mchana kutwa, tumbusi akikaribia wanapiga simu na mtambo unaohusika unasimamishwa, akipita unawashwa. Umeme unaopotea ni kidogo. Mizoga ya mifugo nayo inatakiwa iondolewe karibu na mitambo ili wasivutwe kushuka pale. Na mradi kama huo ukitoa hela za kupambana na sumu kwa wafugaji unaweza kuokoa tumbusi wengi kuliko mapanga yatakavyoua, hiyo ndiyo hesabu ninayotaka kuiona kwenye kila ripoti. Kule Norway, kisiwa cha Smøla, walipaka panga moja kati ya matatu rangi nyeusi, vifo vikashuka kwa kama asilimia 70, ingawa ilikuwa mitambo minne tu kwa hiyo usikimbilie kununua rangi.

SWALI: Mwalimu, hapa kwetu sola ipo, haizunguki, haina kelele, haikati ndege kichwa. Tathmini ya nini tena? – Mama wa duka, Garissa

JIBU: Mama yangu, sola haikati mtu, inakalia. Mtambo wa upepo mbuzi wanalala kivulini mwake, lakini sola inatandikwa kama mkeka na uzio juu. Hicho kituo cha hapo kwenu, megawati 50 na kidogo, kimetandaza paneli kwenye kama hekta 85. Kwa hiyo swali la kwanza la sola ni uzio: wanyama na mifugo walikuwa wanapita wapi kwenda majini? Kama njia ilipita katikati, je, imeachwa kichochoro? Uzio ukinyanyuliwa kidogo chini, sungura, kobe na paka pori wanapita bila shida, na haigharimu kitu kama umepanga mapema.

Swali la pili mathenge, ule mti wa miiba. Nyinyi mnamjua kuliko mimi, aliletwa miaka ya sabini na themanini kushika udongo na kutoa kuni, sasa ameshika kila kitu. Wafugaji wa Baringo walimpeleka mbuzi asiye na meno mpaka mahakamani Nairobi kuonyesha maganda yake yamewafanya nini mifugo wao. Huyu mti anapenda sana udongo uliotikiswa, ukifyeka hekta themanini ukaacha kingo wazi na malori yanaingia na kutoka umemwandikia barua ya mwaliko. Ripoti inatakiwa iseme ni nani atang'oa miche ya mathenge kando ya uzio miaka ya mwanzo, na hela zake ziko kwenye bajeti ipi. Kama imeandikwa "magugu yatadhibitiwa" nukta, hakuna atakayedhibiti kitu.

Afu usifikiri ndege wamesalimika. Paneli zinaakisi mwanga kama maji, kuna wadudu wa majini wanataga juu yake mayai yanakauka. Kwenye vituo vikubwa vya jangwa la California waliokota kibisi na ndege wengine wa majini, inadhaniwa walidhani ni ziwa wakashuka. Kibisi miguu yake iko nyuma kabisa, akishatua nchi kavu hawezi kuruka tena, anakaa pale mpaka aliwe.

Na wacha nikupe kisa cha hukohuko, Ivanpah, mtambo wa vioo vinavyoelekeza miale ya jua kwenye minara, uliofunguliwa 2014, megawati 392. Ndege waliungua hewani wakipita kwenye miale, hiyo iliandikwa sana. Mimi kinachonikera zaidi ni kobe wa jangwani. Kabla ya ujenzi walihesabiwa, walipoanza kufyeka wakapatikana wengi mno kuliko hesabu, mpaka 2011 sehemu ya kazi ikasimamishwa. Kwa nini? Kobe yule maisha yake karibu yote yuko shimoni, anatoka kidogo mvua ikimruhusu. Baba wa Kajiado umesikia?

Sio kila kitu kibaya lakini mama. Paneli zikinyanyuliwa vizuri kivuli chake kinaweka unyevu, kuna nyasi zinastawi chini yake kuliko nje, na kondoo wakiruhusiwa kuingia wanakuwa ndio mashine ya kufyeka. Ombeni hiyo kwenye mkataba.

SWALI: Habari za kazi mwandishi. Hapa Singida kila mwaka tunaambiwa upepo wetu utaleta umeme. Naomba kuuliza, mitambo ikishawekwa wanajuaje imeua ndege wangapi? Nilisoma ripoti ya mradi wa nje inasema "watatu kwa mwaka" nikacheka peke yangu. – Mwalimu wa sekondari, Singida

JIBU: Nzuri mwalimu mwenzangu, na umecheka vizuri. Watatu ni waliookotwa, waliokufa ni hesabu nyingine.

Mtu anatembea mistari chini ya mtambo anatafuta mizoga, labda mara moja kwa wiki. Usiku fisi amepita, mbweha amepita, asubuhi kunguru. Popo mwenyewe ana ukubwa wa kidole gumba na rangi ya udongo. Kwa hiyo kazi ya kweli ina majaribio mawili. La kwanza, unaficha mizoga, mfano kware 20, bila kumwambia mtafutaji, unaona anapata wangapi. Tuseme kapata 8, ana jicho la asilimia 40. La pili, unaweka mizoga unaangalia inabaki siku ngapi kabla haijabebwa, tuseme nusu tu ndio ipo siku ya kutafuta. Zidisha, 0.4 mara 0.5 ni 0.2. Yaani kati ya watano waliokufa unaokota mmoja, na wale watatu wako wamekuwa kumi na watano, bado hatujauliza habari ya vichaka ambavyo mtafutaji hakuingia kwa kuogopa miiba. Wape wanafunzi wako hiyo hesabu Jumatatu. Ripoti isiyo na namba hizo mbili ni ya kufungia vitumbua. Sehemu nyingine wanatumia mbwa waliofundishwa, kwa popo hasa mbwa anamshinda mtu mbali sana.

Popo wana dawa yao rahisi kuliko ndege. Wanaruka sana usiku wenye upepo mdogo, wakati ambao mtambo hata hauzalishi cha maana. Ukiuacha usizunguke mpaka upepo ufike kama mita 5 kwa sekunde, vifo vyao vinashuka kwa nusu au zaidi, na mauzo ya umeme hayaguswi sana.

Na nyinyi Singida mna Singidani na Kindai, maziwa mawili ya magadi mlangoni kwenu, yenye heroe (flamingo). Heroe wanahama toka ziwa hadi ziwa usiku! Mtu wa darubini anayerudi gesti saa kumi na mbili jioni hatawaona hata akikaa miaka kumi, hapo inatakiwa rada au vifaa vya kufuatilia mienendo yao. Wakija, waulize hilo swali kwanza, utaona nani anatazama saa yake.

SWALI: Huku Marsabit kelele zote ni mitambo, lakini zile waya kubwa zinazokwenda Suswa mbona hakuna anayezitaja? – Dereva wa lori

JIBU: Dereva we ni mtaalamu hujijui! Laini ile ni zaidi ya kilomita 400, imepita nyika, na waya haina mtu wa kuizima tumbusi akija. Kuna vifo vya aina mbili, usivichanganye. Kwenye nguzo ndogo za mjini ndege mkubwa anatua, bawa moja linagusa waya na lingine chuma, anaungua. Sudan kulikuwa na laini moja ya zamani karibu na Port Sudan iliua tumbusi wa Misri mamia kwa mamia kwa miongo, ilizimwa tu 2014. Kwenye laini kubwa kama yako waya zimeachana mbali, hapo shida ni kugonga, na anayegonga zaidi ni mzito asiyeweza kukata kona: tandawala. India, majimbo ya Rajasthan na Gujarat, tandawala wao mkubwa amebaki chini ya 150, na ndiko wamejaza sola na upepo. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikaamuru waya zifukiwe ardhini kwenye eneo lake, serikali ikalalamika gharama, 2024 mahakama ikalegeza amri ikaunda kamati. Huku kwetu jambo la bei nafuu ni zile alama za kuning'iniza kwenye waya ili ionekane, haziponyi kila ndege lakini zinapunguza. Tandawala anaona vizuri pembeni kuliko mbele kwa hiyo hazimsaidii kama wengine, dawa yake ni laini kupindishwa tangu kwenye ramani, ambapo tunarudi kwa swali la nani alikwenda kuangalia.

Wewe uko barabarani kila wiki. Andika kilomita na tarehe ukiona ndege chini ya waya.

SWALI: Nimekuta tumbusi amekufa karibu na mtambo, mtoto anataka kumchukua manyoya. Nifanyeje? – Mama Naserian, hataki kutaja anakotoka

JIBU: Mtoto aache, na mbwa mfunge. Kama huyo ndege alikula mzoga wa sumu, sumu bado imo ndani yake na inaua mbwa, na hata mtu akishika afu ale bila kunawa anaumwa. Piga picha ukiwa umesimama mbali kidogo, moja ya ndege, moja inayoonyesha mtambo na namba iliyoandikwa kwenye mnara, andika saa. Angalia kama bawa limevunjika au yuko mzima kabisa na wenzake wengine wamelala hapohapo, manake wengi pamoja kwa kawaida ni sumu. Angalia mguuni kama ana pete au mgongoni kifaa kidogo, usikitoe, soma tu namba. Kisha pigia KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kituo cha karibu. Kampuni nayo uwaambie, ila KWS wawe wa kwanza.